Kuku wangu amevimba tumbo

*Daktari, tetea wangu wa miaka 3 amevimba tumbo, anatembea kama bata, hataki hata pumba. Nimchinje? – Mama mfugaji, Tanga*

Usimchinje bado, mama. Mpapase taratibu chini ya mkia. Ukigusa kitu kigumu, huenda yai limekwama: mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, mkaushe vizuri, mweke penye joto na giza, na maji ya kunywa karibu. Usilibonyeze; likipasukia ndani linaweza kumuua.

Tumbo likiwa laini, linacheza kama mfuko wa maji, basi maji yamejaa, mara nyingi kwa yai lililoangukia tumboni au ini kuugua. Hayo ayatoe daktari wa mifugo kwa sindano. Atapata nafuu, ingawa mara nyingi maji hayo hurudi. Akihema mdomo wazi, au yai lisipotoka hadi kesho, mwite daktari. Akifa au mkimchinja, nyama yake msile.