UNAUZA MICHE MTANDAONI? JUA MKRISMASI NA JAKARANDA KABLA HUJAPOKEA HELA

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wauza miche. Mimi niko Morogoro, nauza kwa WhatsApp, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Huu ni mkrismasi kweli?"

Wateja wana haki ya kuuliza. Mche ukifika magotini, mkrismasi na jakaranda vinafanana sana, majani kama manyoya. Ukichanganya, mteja anamwagilia miaka kadhaa akisubiri maua mekundu, yanatoka ya zambarau. Huyo harudi tena, na majirani zake anawaambia.

1. JINA
Usiuze kwa jina tu. Kuna wanaouita mkrismasi "mjohoro", wakati mjohoro wa wengi ni ule wa maua ya njano. Uliza: "Unataka maua ya rangi gani?"

2. JANI
Jakaranda: majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na vile vipande vidogo vya jani vina ncha kali.
Mkrismasi: majani yanatoka moja moja kwa kupishana, na vipande vyake vina ncha butu.

3. MBEGU
Mkrismasi: ganda refu, gumu kama panga. Mbegu ni ngumu, loweka kwenye maji ya moto, ziache usiku kucha.
Jakaranda: ganda bapa la mviringo, mbegu nyepesi zenye bawa. Maji ya moto hazihitaji.

4. MAHALI
Mkrismasi asili yake Madagaska, unapenda joto, hapa mjini unafaa. Ila mizizi yake inatambaa juu juu, mwambie mteja aupande mbali na ukuta, bomba na shimo la choo. Mteja wa Mgeta, kule juu Uluguru kwenye baridi, mshauri jakaranda. Inastawi hata Arusha na Nairobi.

5. KUPANDA
Apande masika yakishakolea. Shimo futi mbili kwa mbili, udongo wa juu achanganye na samadi iliyooza. Achane kiriba bila kuvunja udongo wa mizizi, aweke matandazo, azungushie miiba mbuzi wasifike.

Na kwenye posti yako, weka picha ya mche wenyewe na jani lake kwa karibu, siyo mti uliochanua wa kuokota Google. Andika wazi kwamba maua yanachukua miaka.

Mteja akijua anachonunua, kesho anakuletea mwenzake.

Mtumie muuza miche mwenzako naye asome.