Elimu kwa Umma: Ijue Kazi ya Diwani katika Fedha za Halmashauri

Kila uchaguzi unapokaribia, baadhi ya wananchi hujitokeza kuwania udiwani kwa kauli moja: wanataka fedha za halmashauri zisimamiwe vizuri zaidi. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, mwenye nia hana budi kufahamu kwanza mamlaka ambayo sheria imempa diwani, asije akawaahidi wapigakura jambo asiloweza kulitimiza.

Diwani hashiki fedha. Hatii saini hundi, haidhinishi malipo wala hagawi zabuni. Afisa masuuli wa halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji, akisaidiwa na Mweka Hazina. Diwani, akiwa ndani ya Baraza, hupitisha bajeti, hushiriki kutunga sheria ndogo za ushuru na ada, hupokea taarifa za mapato na matumizi, na huhoji. Nyenzo yake kuu, basi, ni swali, na swali la maana hutokana na taarifa iliyosomwa.

Nafasi za kuuliza si nyingi. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi, lakini si kila diwani ni mjumbe wake. Mkutano wa kawaida wa Baraza hufanyika kila robo mwaka. Kwa miaka mitano, hiyo ni takriban mikutano 20. Anayeingia bila kujua kusoma taarifa ya fedha huweza kumaliza mikutano kadhaa akiwa bado anajifunza.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Taarifa ya robo ya tatu, inayoishia Machi 31, inaonyesha kuwa ushuru wa soko ulikadiriwa kuwa shilingi milioni 80 kwa mwaka, na zilizokusanywa ni milioni 36. Mwaka wa fedha huanza Julai 1; miezi 9 imekwisha, sawa na asilimia 75 ya mwaka. Makusanyo yalitarajiwa kukaribia milioni 60, lakini yamefikia asilimia 45 tu ya makadirio. Ungekuwa ushuru wa mazao, huenda upungufu ungeelezwa na msimu wa mavuno. Soko la kila siku halina kisingizio hicho. Diwani makini atauliza: je, makadirio yalizidi uwezo wa soko? Wafanyabiashara wamepungua? Au ushuru ulikusanywa ukatumika ukiwa fedha mbichi, kabla ya kupelekwa benki? Swali hili la mwisho hujibiwa kwa kulinganisha kumbukumbu za mashine za POS na taarifa ya benki, na diwani ana haki ya kutaka ulinganisho huo uletwe mbele ya kikao.

Upungufu kama huo hauishii kwenye karatasi. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Milioni 24 zinazokosekana katika mfano wetu ni sawa na milioni 2.4 ambazo vikundi hivyo havitaziona.

Nyaraka nyingine muhimu ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hutolewa kila mwaka na huwa wazi kwa umma baada ya kuwasilishwa bungeni. Wengi hutazama aina ya hati tu. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Si uthibitisho kwamba kila shilingi ilitumika kwa tija. Msomaji na aende mbele zaidi, atafute mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hapo ndipo maswali yanapopatikana.

Mwenye nia ya kugombea si lazima asubiri uchaguzi ndipo aanze kujifunza. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mikutano ya Baraza nayo ni ya wazi, na mwananchi anaweza kuhudhuria na kusikiliza. Ukifika wakati wa kugombea, sheria inamtaka awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la halmashauri lipo. Kabla ya kumpa mgombea kura, muulize ni lini alilisoma mara ya mwisho na aliona nini.