Saa Nane Mchana: Mbwa na Paka Wako Miezi ya Kaskazi

Toka nje saa nane mchana, siku yoyote ya Januari au Februari, umtazame mbwa wako alipo. Usimtazame asubuhi unapomwekea ukoko, wala jioni anapokupokea getini. Mtazame saa nane. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa utamkuta kwenye kibanda cha bati kilichobanwa ukutani, amelala ubavu, ulimi nje, na sufuria yake kuukuu imepinduliwa na mnyororo. Kibanda kile kilijengwa kumkinga na mvua, na kazi hiyo kinaifanya. Lakini kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, huwa tanuri.

Kwa nini fukuto humwonea

Wewe ukishikwa na joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa na paka hutoka jasho kidogo tu kwenye nyayo, nalo halitoshi kuupoza mwili. Mbwa hujipoza kwa kutweta: pumzi za harakaharaka hukausha unyevu wa ulimi na koo, na unyevu ule ukikauka huondoka na joto. Hapo ndipo Pwani inapomtesa. Kama nguo zilizoanikwa siku ya fukuto zisivyokauka upesi, na ulimi wake ni vivyo hivyo. Nyuzi 32 za Dar es Salaam humchosha kuliko nyuzi hizohizo Dodoma, ambako hewa ni kavu. Wanaoumia zaidi ni wazee, wanene, wenye pua bapa na wale wa kigeni wenye manyoya mengi, ingawa mbwa wa kienyeji aliyefungwa juani hana nusura pia.

Paka ni mjanja zaidi. Ukimwacha huru atapata mwenyewe sakafu baridi au ubavu wa mtungi, na atajilamba ili mate yampoze. Kwa sababu hiyo, paka anayetweta mdomo wazi kama mbwa si jambo la kuchekea. Yuko hatarini, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kivuli hutembea

Ukuta unaompa mbwa kivuli asubuhi upande wa magharibi, alasiri hupigwa jua upande huohuo. Aliyefungwa hawezi kukifuata kivuli. Mfungue ndani ya ua, au mfunge chini ya mti mpana kama mwembe au mwarobaini kwa kamba ndefu ya kumwezesha kuzunguka.

Bati la kibanda lifunike kwa makuti, ukiacha nafasi ya hewa kati ya bati na makuti. Kiinue kibanda juu ya matofali machache, na mlango uuelekeze kaskazini-mashariki, upepo wa kaskazi unakotoka. Ni kazi ya asubuhi moja.

Matembezi yafanyike alfajiri au baada ya magharibi. Kabla ya kumtoa, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa sekunde saba. Ikikuunguza, itaunguza nyayo zake. Usimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache za kuingia dukani, hata vioo vikiachwa wazi kidogo.

Maji

Wengi wetu tulisimuliwa madrasa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Hata nyumba isiyomruhusu mbwa kuvuka kizingiti ina wajibu wa maji.

Mbwa wa kilo 20 huhitaji walau lita moja kwa siku, na siku za joto zaidi ya hapo. Sufuria ya alumini ikikaa juani maji huwa ya moto, naye huyaacha. Chungu cha udongo ni bora: huvuja kidogo, maji hupoa kama ya mtungini, na ni kizito kupinduliwa. Kiweke kivulini, na kingine upande wa pili wa ua.

Lakini chombo hicho kisipoangaliwa kinaweza kuwadhuru watu wa nyumbani. Mbu wa dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye vyombo vya maji yaliyotulia karibu na watu, na mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Badilisha maji kila siku, na ukisugue chungu kwa kumbi la nazi angalau mara moja kwa wiki.

Chakula kitolewe asubuhi na mapema na jioni. Ugali wa dagaa uliobaki nusu saa uondoe, maana joto huuchachusha na nzi hawachelewi.

Joto likimzidi

Dalili ni kutweta kusikokoma, mate mazito, fizi nyekundu sana, kuyumba, kutapika au kuhara, kisha kuzimia. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Usianze kwa kutafuta bodaboda. Mpoze kwanza. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, na mpepee kwa feni, kipepeo au kipande cha boksi. Maji bila upepo hayamfai sana siku ya fukuto. Usimfunike kanga iliyolowa ukaiacha, kwani hugeuka blanketi. Akiweza kunywa mwenyewe, anywe, usimmiminie mdomoni. Akishatulia, au joto likishuka karibu na nyuzi 39.5, acha kumwagia na umpeleke kwa daktari hata akionekana mzima, kwa kuwa figo na utumbo huweza kuharibika siku moja au mbili baadaye. Parasetamoli usimpe. Kwa paka, kidonge kimoja kinaweza kuua.

Je, kama ni kichaa?

Mbwa aliyezidiwa na joto hutoka mate na kuyumba. Wa kichaa hufanya hivyohivyo. Jua halileti kichaa cha mbwa; huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa mate, mara nyingi kwa kuumwa. Ikiwa mbwa si wako, au hujui chanjo zake, usimguse. Waondoe watoto, mmwagie maji kwa mpira ukiwa mbali, na uite afisa mifugo.

Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipake majivu wala pilipili, wala asingoje aone mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa na paka wachanjwe kuanzia miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Kupe, viroboto na funza

Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumwogesha mbwa na kuliacha banda ni kazi bure. Ziba nyufa, fagia, choma matandiko. Kupe huleta homa inayomkondesha mbwa, fizi zikapauka, wakati mwingine akatoka damu puani.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho ukampaka mbwa, na usithubutu kwa paka. Dawa za mbwa zenye pamethrini nazo ni sumu kwa paka, hata akijisugua tu kwa mbwa aliyetoka kupakwa.

Funza, wengine humwita tekenya, hupenda mchanga mkavu wa kiangazi, na mbwa humbeba kutoka ua hadi ua. Chunguza kati ya vidole vyake kila Jumamosi, siku mnayowakata watoto kucha, na miguu ya watoto itazameni papo hapo. Nyunyizeni maji uani kabla ya kufagia. Namba ya afisa mifugo wa kata iandikwe nyuma ya mlango wa jikoni kabla Disemba haijaingia.