Mchezo wa Biyari

Katika Butembo na Beni vijana hupenda biyari. Kuna namna moja ya kuicheza watu wengi pamoja: akosaye hutolewa, mpaka abaki mmoja.

Kanuni zake ni hizi:

1. Majina huandikwa ubaoni kwa chaki. Kila jina hupewa mistari 3. Ndiyo maisha yake.
2. Mipira 15 ya rangi hupangwa mezani. Kila mtu kwa zamu yake hupiga mpira mweupe mara moja tu.
3. Akiingiza mpira wa rangi shimoni, hapotezi kitu. Asipoingiza, au mweupe ukitumbukia, hufutiwa mstari mmoja.
4. Mistari yake ikiisha, hutoka. Mipira ikiisha mezani, hupangwa tena.
5. Abakiye peke yake ndiye mshindi.

Mchezaji mwema akigusa mpira kwa nguo yake, husema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona, hata kama amebakiwa na mstari mmoja. Kushindwa si aibu. Kudanganya ni aibu. Tena hachezi kwa fedha, maana fedha ile ni chakula cha nyumbani.

Maswali

1. Wachezaji 6 wana mistari mingapi kwa jumla?
2. Ili mshindi apatikane, mistari mingapi kwa uchache itafutwa?
3. Mchezaji mwema hufanya nini asipoonekana?