TUSOME MAANDISHI YA BOKSI KABLA YA KUTOA FEDHA



Kikundi kimoja cha wakulima wa Butiama kimetuuliza swali. Wameweka akiba misimu miwili ili wanunue kompyuta ya kuandikia orodha ya wanachama, stakabadhi na kilo za pamba. Wamekwenda Musoma mjini, wakaonyeshwa kompyuta ya kipande kimoja. Ni ile ambayo mashine na kioo vimo pamoja. Mezani unaona kioo, kibodi na kipanya, basi. Muuzaji akawaambia: "Mkiongeza fedha kidogo mtapata iliyo bora zaidi." Wao wanauliza: tuongeze kwa kitu gani?

Swali ni zuri, maana fedha ni za watu wengi.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Kompyuta ya sanduku ni kama baiskeli. Mnyororo ukikatika unanunua mnyororo, tairi likiisha unanunua tairi. Kompyuta ya kipande kimoja ni kama chungu. Mdomo ukivunjika, huendi sokoni kununua mdomo. Kioo kikiharibika, mashine yote inakwenda kwa fundi. Na vipande vyake vingine vimeunganishwa kiwandani kwa risasi, havitoki.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Miaka michache iliyopita tulisaidia kituo kimoja cha kisomo huko Bunda kununua mashine ya namna hii. Tulichagua kwa macho. Kioo kilikuwa kikubwa, kizuri kweli. Kumbe ndani ramu ilikuwa GB 4 tu, na diski ni ya zamani. Ukiiwasha asubuhi unaweza kusonga ugali na kuula kabla haijawa tayari. Tukaipeleka kwa fundi aongeze ramu. Akaifungua, akatuonyesha: ramu imeunganishwa kwenye bamba, hakuna nafasi ya kuchomeka nyingine. Alichoweza ni kubadili diski. Mwendo ukaongezeka kiasi, lakini fedha za kioo kikubwa zilikuwa zimekwenda.

Hatukuwa wa kwanza. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mahesabu hayakwenda sawa, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa zamani. Lakini tunajua kuwa hata wakubwa hununua mashine kabla ya kuijua.

Sasa tusome boksi. Wewe unajua kusoma herufi na tarakimu, kwa hiyo usimwachie muuzaji kazi hiyo. Tafuta maandishi kama haya: i3-1215U, 8GB RAM, 256GB SSD.

RAM, au ramu, ni meza ya kuchambulia dagaa. Meza ikiwa ndogo, unachambua kidogo, unaondoa, unaweka tena, hata kama una mikono mingi. SSD ni ghala la kuhifadhi. Boksi likisema HDD, hilo ni ghala la zamani lenye sahani inayozunguka. Ni la polepole, na mtikisiko huliumiza. Mikono ya kufanya kazi ni prosesa, yaani ile i3 au i5.

Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Katika i3-1215U, 12 ni kizazi cha prosesa. Katika i3-7100, kizazi ni 7. Jambo hili si dogo. Kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali karibu prosesa zote za Intel za kizazi cha 7 kurudi nyuma. Yapo maduka yanayofuta vumbi mashine kuukuu na kuiweka kwenye boksi jipya. Tarakimu hiyo itakuambia umri wake.

Haya, tuongeze kitu gani? Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, za dukani hubadilika. Tuseme kikundi kina sh. 1,500,000. Mashine yenye ramu GB 8 na SSD ya GB 256 ni sh. 1,250,000. Kuongeza ramu hadi GB 16 ni sh. 150,000. Kioo cha kugusa kwa kidole ni sh. 250,000. UPS, yaani betri ya kusaidia umeme ukikatika, ni sh. 200,000.

Kioo cha kugusa tukiache. Stakabadhi haziandikwi kwa kidole. Prosesa ya i7 nayo tuiache. Kwa orodha na mahesabu ya kijiji i3 ya miaka hii inatosha. Ghala likijaa, diski ya nje huchomekwa pembeni wakati wowote. UPS tusiiache. Mashine hii haina betri ndani kama kompyuta ya mapajani, hivyo umeme ukikatika inazimika papo hapo na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea. UPS inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri.

Inabaki ramu, na hapa ndipo penye swali la kumwuliza muuzaji: "Je, kuna nafasi wazi ya kuchomeka ramu nyingine?" Akisema ipo, aandike kwenye risiti. Aandike pia kama fundi akiifungua dhamana itavunjika au la. Ikiwa nafasi ipo, nunueni ya GB 8 pamoja na UPS. Jumla ni sh. 1,450,000. Ramu mtaiongeza msimu ujao. Ikiwa imeunganishwa kwa risasi, msiichukue ya GB 8. Takeni ya GB 16 pamoja na UPS, sh. 1,600,000. Fedha hazitoshi? Basi subirini muuze pamba kwanza, au nunueni kompyuta ya sanduku.

Na siku ya kuisafirisha, msitupe yale magodoro meupe ya ndani ya boksi. Kutoka Makutano hadi kijijini juu ya bodaboda, kioo kisipokingwa kinapasuka.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Boksi limeandikwa i5-6500, 8GB RAM, 1TB HDD. Muuzaji anasema mashine ni mpya. Mtamjibu nini?
2. Kikundi kina sh. 1,500,000 na ramu ya mashine imeunganishwa kwa risasi. Zimepungua shilingi ngapi? Kila mwanachama atachanga kiasi gani ikiwa mko 20?
3. Nani katika kikundi chenu atasoma risiti kabla ya mweka hazina kutoa fedha?