Nasali, Lakini Moyo Hautulii

*Nimeokoka miaka tisa. Tangu mume wangu apunguzwe kazini, naamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio. Nasali, hofu inabaki. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia imani yangu ni ndogo. Ni kweli?*
*Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Jibu: Hapana. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akiwahimiza wamkabidhi Mungu mahangaiko yao kwa sala. Paulo huyohuyo anakiri katika 2 Wakorintho 11:28 kwamba makanisa yalimlemea moyo kila siku.

Moyo wa mama huyu unakwenda mbio kwa sababu mwili, ukihisi hatari, humwaga homoni ya adrenalini, hata kama hatari yenyewe ni karo ya muhula ujao. Usiku hakuna kazi ya kumshughulisha, ndipo hofu inapovuma.

Hata nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa (1 Wafalme 19), hakukemewa. Alilala, akaletewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kwa hiyo mama huyu na aanze na chakula na usingizi, apunguze chai ya jioni, aandike hofu moja moja na kuitaja kwa jina katika sala, kisha wapange bajeti na mumewe mchana.

Hali ikidumu kwa wiki kadhaa au kazi zikimshinda, aende hospitali. Dawa na ushauri havipingani na sala. Mawazo ya kujidhuru yakija, aende siku hiyohiyo, asiende peke yake.