SOMO: KAZI MOJA, MIPANGO MIWILI



Walimu wenzetu watakumbuka azimio la kazi na andalio la somo. Mwalimu wa madarasa mawili alikuwa na maazimio mawili, kila moja katika daftari lake, na ole wake aliyeyachanganya! Siku hizi mipango mingi hukaa katika kompyuta, na vijana wetu walioko maofisini hukutana nayo kila siku. Lakini kuchanganya kungaliko, na hasara yake huja kimya kimya. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika somo hili.

1. Jambo lililotufika

Tulishika ukatibu wa kamati moja iliyokuwa ikikarabati darasa la watoto wadogo. Kijana mmoja alitufungulia programu iitwayo Jira, akatutengenezea mipango miwili: mmoja wa ujenzi, mwingine wa ununuzi. Kazi iliyoandikwa "Mabati" ilionekana katika yote miwili. Siku moja, tukisafisha mpango wa ununuzi, tulisema, "Hii ni ya mafundi, isitujazie ukurasa," tukaifuta. Tulidhani tumeiondoa upande mmoja. Kumbe tumeifuta kotekote.

Fundi hakuiona tena, akadhani sisi tunashughulika. Mweka hazina hakuiona, akadhani mafundi wameahirisha. Masika yalipoingia, paa lilikuwa wazi. Watoto walisoma majuma matatu katika baraza ya jirani, na wengine wakabaki nyumbani. Kosa lilikuwa letu, wala si la mashine.

2. Dirisha na sanduku

Yatupasa kwanza kujua kwamba mipango ya kompyuta ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni mpango ulio kama dirisha. Ndivyo ilivyo mipango ya Jira, programu ya kampuni ya Atlassian iliyoanzishwa Australia, nayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Kazi zenyewe hukaa mahali pamoja, kama watoto uwanjani. Mpango hauzimiliki, huzitazama tu. Kila mpango huambiwa uchote kazi kutoka wapi: katika mradi mzima, katika ubao wa kazi, au kwa njia ya chujio. Madirisha mawili yakitazama uwanja mmoja, mtoto yule yule ataonekana katika yote mawili. Ukimbadilishia tarehe kupitia dirisha hili na kuhifadhi, tarehe itabadilika na katika lile.

Namna ya pili ni mpango ulio kama sanduku. Ndivyo ilivyo Planner ya Microsoft. Humo kazi hukaa katika mpango mmoja tu. Ukiinakili kuipeleka mpango wa pili, unapata kazi mpya. Ukiimaliza ya kwanza, nakala haina habari, itaendelea kudai. Hapa hatari si kufuta vyote, bali ni kununua mara mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu, tujiulize: je, hili ni dirisha au ni sanduku?

3. Namna ya kutenganisha katika madirisha

(a) Tusichote mradi mzima ikiwa twahitaji sehemu yake. Mipango miwili ikichota mradi ule ule wote, itafanana kama mapacha. Yafaa kila kazi ipewe lebo, mathalan "ujenzi" au "ununuzi", kisha kila mpango utumie chujio linalochota lebo yake. Ikiwa shughuli hizo hazihusiani kabisa, ni afadhali kila moja iwe na mradi wake.

(b) Tuangalie sana neno "isipokuwa". Mtu huandika chujio la kuchukua kazi zote isipokuwa zenye lebo ya "ununuzi", akadhani zisizo na lebo yoyote zitaingia. Haziingii! Jira huziacha nje pamoja na zile zilizokatazwa. Hatuna budi kuongeza kwa maneno wazi: "au zisizo na lebo". Hali kadhalika, tuwe na chujio moja la kutafuta kazi zisizo na lebo, tulifungue kila juma. Kazi isiyo na lebo ni kama mtoto asiyeandikwa katika daftari la mahudhurio: yupo, lakini haitwi.

(c) Tutofautishe kuondoa na kufuta. Katika mpango wa Jira kuna amri ya kuondoa kazi katika mpango huo tu. Kazi hubaki hai mahali pake, na mpango huweka orodha ya zilizoondolewa ili ziweze kurudishwa. Kufuta ni kuing'oa kazi yenyewe na shina lake. Ukitaka tu isikujazie ukurasa, ondoa.

(d) Kazi ya watu wawili tuigawe. Neno "Mabati" peke yake halisemi ni nani afanye nini. Ilitupasa tuandike kazi mbili: "Kununua mabati", lebo ya ununuzi, mwenyewe mweka hazina, na "Kuezeka mabati", lebo ya ujenzi, mwenyewe fundi. Kisha tuzifunge kwa kiungo kinachoonyesha kwamba ya pili yaingoja ya kwanza. Kila mpango ungekuwa na kazi yake, na anayefungua moja angeiona nyingine. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini kila nahodha akiwa na chombo chake na kamba kati yao, watafika.

(e) Tukubaliane ni nani ahifadhi. Mpango wa Jira waweza kushika mabadiliko kama rasimu kwanza. Kabla ya kuyahifadhi, tusome orodha yake moja moja, tukiuliza: je, jambo hili litamgusa nani katika mpango mwingine?

4. Maswali ya kujadili

1. Kamati yako ina mipango mingapi? Ni kazi zipi zinazoonekana katika zaidi ya mmoja?
2. Taja kazi moja yenye wenyewe wawili. Ungeigawaje?
3. Umenakili kazi katika Planner kwenda mpango wa pili. Ni nani atakumbuka kuzifunga zote mbili?
4. Kwa nini chujio la "isipokuwa" laweza kuficha kazi usiyokusudia kuificha?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Darasa lile sasa limeezekwa, na mvua ikinyesha twasikia mlio wake juu ya mabati. Wasiotumia kompyuta nao waweza kuanza leo: chukueni karatasi mbili na kalamu, na kila kazi mwandikieni mwenyewe mmoja.